Pointi 84 za skema, 41 za atelie: kisa cha binti wa elektrisite hapa Lushi

Kisa chenyewe kiko hivi. Binti wa miaka 17, nyumbani ni Katuba, yuko mwaka wa tatu humanite (sekondari ya juu), opsyo elektrisite, kwenye shule moja ya ufundi hapa Lubumbashi. Darasani wako 43, mabinti ni 4 tu. Mwezi wa pili bileteni, ile karatasi ya pointi, inatoka: hesabu 81 kwa mia, elektrotekniki 78, skema 84, halafu praktiki ya atelie, yaani kazi ya mikono kwenye karakana, 41. Jioni hiyo baba, mama, baba mdogo na shangazi wakaketi, wakakata maneno kwamba mwaka ukiisha atoke kwenye elektrisite aingie komersiyali (biashara), na kama haiwezekani basi kuture (kushona), juu minervali, ile ada ya shule, si feza ya kuokota na wadogo zake watatu wako nyuma yake wanangoja. Na binti mwenyewe akakubali. Njo kitu kilichonisumbua. Hakulia, hakubisha, aliniambia tu kawaida, kama dada yake mkubwa, "Yaya, mi nimeona haiko kazi yangu. Kichwa inajua, lakini mikono haijue."

Mimi ni mwanamke wa umeme, nimesoma na ninafanya kazi hapa hapa Lushi, na mama yake tunasali pamoja, njo maana aliletwa kwangu. Sina neno na kuture wala komersiyali, kuko wanawake kibao hapa mjini wanasomesha watoto mpaka universite kwa mashine ya kushona. Lakini mtoto anayepata 84 ya skema akikwambia haiko kazi yake, ujue kuna kitu kimepita hapo katikati, na nilitaka kukiona kwa macho.

Kila niliyemwambia alinipa jibu lilelile, mtie moyo. Sawa, lakini huyu mtoto moyo alikuwa nao! Tarehe 11 mwezi wa pili ni siku ya kimataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi, Umoja wa Mataifa uliiweka mwishoni mwa 2015, na shule yao mwaka huu iliifanya vizuri kabisa, hotuba, picha, mabinti wakavaa salopeti, zile ovaroli za kazi, wakapita mbele ya wazazi. Bileteni ilitoka siku chache baadaye. Binti anazijua habari za Thérèse Izay Kirongozi, injinia aliyetengeneza yale maroboti makubwa ya kuongoza magari Kinshasa tangu 2013, yanayotumia jua. Anajua ya Sandrine Mubenga, aliyezaliwa Kinshasa, akachukua dokteta ya umeme University of Toledo kule Ohio, na 2020 akawekwa kuongoza ile ofisi ya leta (serikali) inayosimamia sekta yote ya umeme nchini. Picha yake amebandika kwenye kava ya daftari. Hayo yote yalimsaidia, siyapunguzi hata kidogo, bila hayo asingechagua elektrisite mwaka ule wa kwanza wakati baba mdogo alikuwa amekwisha kumuandikisha pedagojia. Yalimfikisha mpaka kwenye mlango wa atelie. Sasa ndani ya atelie kukoje?

Nilimwuliza swali moja, la kontakteri, ile swichi ya umeme inayovutwa na koili kuwasha na kuzima motere. Kontakteri umeifunga mara ngapi, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mwanzo mpaka mwisho? Akafikiri. "Mwanzo mpaka mwisho? Bado, yaya."

Mwaka wa tatu!

Nikampa karatasi, nikamwambia nichoree demaraji (namna ya kuwasha motere) ya etwali-triangili, yaani nyota na pembetatu. Kwa asiyejua: motere kubwa ya fazi tatu ukiiwasha moja kwa moja inavuta umeme mwingi mno kwa zile sekunde za kwanza, mara tano, sita ya ule wa kawaida, kwa hiyo unaianzisha ikiwa imefungwa kwa etwali, pale inavuta theluthi moja tu ya umeme ambao ingevuta kwa triangili, na ikishashika mwendo rele ya muda inaihamisha kwenye triangili. Zinahitajika kontakteri tatu, na ile ya etwali na ile ya triangili hazipaswi kushika pamoja hata kwa nukta moja, zikishika pamoja fazi zimegusana na fizibli (fyuzi) zinaruka, kwa hiyo kila moja inafungia mwenzake njia. Binti alichora yote bila kunyanyua kichwa, na ile sehemu ya kufungiana akaizungushia duara akasema hapa njo banasahauka, hapa njo fizibli inaunguaka. Niko na vijana wa kazini wenye diploma ambao hawachori vile.

Basi nikaomba kwa prefe, mkuu wa shule, niketi atelie kama mgeni, akakubali, na namshukuru juu si kila prefe angekubali.

Meza ziko sita, darasa 43, kwa hiyo kila meza ina watu saba ama nane kwa ubao mmoja wa mazoezi. Mabinti wamegawanywa mmoja mmoja, kila mmoja meza yake, na mwalimu alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba amefanya vile ili wavulana wawasaidie. Nikaangalia meza ya binti wetu. Mwalimu anatoa zoezi, na ndani ya dakika moja kila mtu ana kazi yake bila mtu yeyote kupanga: wawili wameshika turnevisi (bisibisi) na pensi (koleo), mmoja anakata nyaya, wengine wanasukumana kuangalia, na binti amepewa daftari ya ripoti. Kwa sababu anaandika vizuri. Kwa sababu skema yake ni safi na wale wawili wanafunga waya kwa kuifuata. Akiona waya imeingia pasipo pake anasema, "Hapana, ile inaenda kwa 14," wanabadilisha. Yaani zoezi lilipita kwa kichwa chake, kwa mikono ya wengine. Halafu mwalimu akipita kuweka pointi za mikono, anaweka kwa mikono anayoiona.

Nilikaa siku nyingine, zoezi lingine, daftari ikarudi kwake vilevile. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyemtukana. Nilipomuuliza yule kijana wa turnevisi kwa nini yeye njo anafunga kila siku, alishangaa kweli, akaniambia, "Mama, mi minazoea." Na ni kweli amezoea. Jumamosi anatoka na nonko (mjomba) wake kwenda kufunga umeme kwenye nyumba za watu kule Kampemba, ameanza kushika pensi akiwa na miaka 12. Wavulana wengi pale wako vile, wamekuja shuleni mikono imekwisha kuanza. Binti hakuna nonko aliyemchukua Jumamosi, juu Jumamosi ni maji, nguo na soko, na nani atampandisha mtoto mwanamke juu ya dari ya nyumba ya watu? Kwa hiyo mwaka wa kwanza tofauti ilikuwa ndogo, mwaka wa pili ikaonekana, mwaka wa tatu kila mtu anaisoma kama kipaji. Mwalimu mwenyewe aliniambia, "Mabinti ni wazuri kwa teori, lakini mikono yao ni mizito." Hakuna aliyejua kupika bukari (ugali) kwa kuandika namna mama anavyoipika, na mtu hashangai.

Halafu kuko jambo la delestaji, ule mgao wa umeme, na hili sikulitegemea hata kidogo. Praktiki iko kwenye orera (ratiba) mchana, lakini mchana umeme mara nyingi haupo, na mafuta ya jenereta hayatoshi kila siku. Umeme ukirudi jioni mwalimu anawaambia wanaotaka wabaki waendelee, na wavulana wanabaki. Mabinti wanatoka. Hawakatazwi, wanatoka juu giza likiingia njia ya Katuba si ya kutembea peke yako, na juu nyumbani kuna bukari ya kupika. Sasa zile saa za jioni hazimo kwenye orera, hazina pointi, hakuna anayeziandika popote, lakini njo saa ambazo motere inazunguka kweli, ambazo unaona rele inageuza, unasikia ile tak ya kontakteri. Ukijumlisha mwaka mzima, hawa watoto wako darasa moja kwa jina tu.

Na salopeti. Shule inauza saizi za wanaume peke yake. Binti alikuwa anakunja mikono mara tatu na kufunga kiuno kwa kamba, na sheria ya atelie, sheria nzuri, inasema nguo inayoning'inia hairuhusiwi karibu na mashine inayozunguka. Basi mara nyingine alikuwa anawekwa mbali na motere kwa usalama wake, kwa haki kabisa, kwa sababu ya nguo ambayo shule yenyewe ilimuuzia. Choo pia, sitaingia sana hapo, niseme tu kwamba choo cha mabinti kiko upande wa pili wa uwanja, kinafungwa kwa kufuli, na funguo iko kwa mwalimu mwanaume. Kila mwezi kuna siku mbili, tatu ambazo binti wa elektrisite haonekani shuleni. Mama msomaji anaelewa.

Watu wa nyumbani nao tusiwahukumu haraka. Babu wa binti alistaafu Gécamines, kampuni ya madini ya leta, na kwenye baraza lile neno lake lilikuwa zito: mambo ya umeme ni ya wanaume, toka zamani. Alikuwa anasema alichokiona. Mji huu umelelewa na kampuni. Union Minière ilianza 1906, ikaja kutaifishwa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, na kwa miaka mingi kwenye kambi za wafanyakazi mpango ulikuwa unajulikana: mvulana anaenda shule ya ufundi ya kampuni, anatoka ajisteri (fundi wa vyuma), elektrisiye, sudere (fundi wa kuchomelea), mke na binti wanaenda fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, wanafundishwa kushona, kupika, kutunza mtoto. Ulikuwa mpango wa kampuni na wakoloni na wamisionari, ulipangwa na watu, una tarehe. Babu zetu hawakuja nao kutoka kijijini, kijijini mwanamke alikuwa analima, anafinyanga, anajenga. Nilimwambia babu vile, kwa heshima, nikiwa nimeketi chini yake. Alinyamaza muda mrefu halafu akasema mke wake marehemu njo alikuwa anatengeneza redio nyumbani, si yeye. Sikuwa nimemuuliza hilo, alilitoa mwenyewe, na binti alikuwa hajawahi kulisikia.

Sasa tukafanya nini. Mwalimu wa atelie njo alikuwa ufunguo wa kila kitu, na nilijua nikienda kwake na maneno ya haki za mwanamke angejifunga kama kobe, na angekuwa na sababu, juu mtu ana wanafunzi 43 na bao sita na mshahara unaokuja ukitaka. Nilienda na swali la kifundi. Nikamwambia, mwalimu, kwenye jury ya praktiki, ule mtihani mbele ya wakaguzi, kila mwanafunzi atasimama peke yake mbele ya ubao, hakuna mwenzake wa mezani wa kumfungia, sasa kwa wale saba wa meza moja, wangapi leo wanaweza? Akahesabu mwenyewe. Wawili. Kwa meza nzuri, watatu. Yaani si mabinti tu! Kulikuwa na wavulana wengi, wale wapole, wale wasio na nonko wa Jumamosi, ambao nao walikuwa wanaangalia mabega ya wenzao tangu mwaka wa kwanza. Hapo mazungumzo yakabadilika kabisa.

Alichofanya ni kubandika orodha ukutani. Kila zoezi lina mfungaji mmoja, mpimaji mmoja, msomaji wa skema mmoja, mwandishi mmoja, na wanabadilishana kwa majina, na mfungaji wa leo hawezi kuwa mfungaji wa wiki ijayo. Wengine wakimnyang'anya turnevisi mezani kwao hakuna pointi. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya, niseme ukweli, mazoezi yalichelewa, wale vijana wenye mikono walilalamika kwamba wanarudishwa nyuma, na mzazi mmoja alikuja kwa prefe. Mwalimu hakuiondoa orodha. Wale vijana aliwapa kazi ya kutafuta hitilafu alizozificha mwenyewe kwenye ubao, kitu kigumu kuliko kufunga, wakanyamaza.

Pili, mabinti wanne aliwaweka meza moja kwa muhula mmoja. Kuko watu hawapendi hili, wanaona ni kuwatenga, na mimi pia nisingetaka liwe la kudumu. Lakini kwa muhula mmoja lilifanya kazi ambayo maneno hayakufanya, juu hapakuwa na mtu mwingine wa kushika pensi. Ilibidi mmoja wao aishike. Walikuwa wa mwisho kumaliza, halafu wa tano, halafu wakaanza kumaliza katikati.

Tatu ni nyumbani. Baba ni shofere wa taksibus, mtu wa maneno machache, na yeye njo aliyekuja na wazo zuri kuliko langu. Alinunua kwenye soko la vitu kuukuu kontakteri tatu zilizotoka kwenye mashine za mgodi, moja koili imeungua, akazipigilia kwenye kipande cha mbao pamoja na rele na domino za kuungia nyaya, ikawekwa ukutani jikoni. Bila umeme wowote, ni kufunga na kufungua tu, halafu kupima kwa multimetre kama njia imekamilika. Binti anafunga huku maharage yanachemka. Na shangazi, aliyekuwa wa kwanza kusema komersiyali, njo aliyezishona upya salopeti zile nne, za mabinti wote, kwa vipimo vyao.

Siku ninayoikumbuka ni ile alipofunga etwali-triangili peke yake kwa mara ya kwanza, umeme upo, motere ipo. Akabonyeza kitufe. Kontakteri ikaanza kutetemeka, trrrrr, inashika inaachia, inashika inaachia. Wavulana wa meza ya jirani wakasema palepale amefunga vibaya. Zamani angeamini. Alizima, akahakikisha kwa multimetre kwamba hakuna umeme kwenye ubao, akapita waya moja moja na kidole huku anasoma skema kwa sauti ya chini, skrubu zote akazikaza, hakuna kosa. Akasimama. Halafu akaenda kupima pale umeme unapoingilia: volti 165 kati ya fazi na nyutri, badala ya 220. Akamgeukia mwalimu, "Mwalimu, haiko mimi. Koili inakosa nguvu, tensyo iko chini." Mwalimu akaja akapima mwenyewe, akasema kwa darasa zima waje waone, juu hii kwenye vitabu haimo vile, na Lushi mtaikuta kila siku.

Bileteni ya mwisho wa mwaka praktiki ilikuwa 69. Hakuna baraza lililoketi safari hii, baba alisema tu ataendelea.

Nisingependa mtu afikiri mambo yalinyooka. Wawili kati ya wale mabinti wanne hawako tena, mmoja familia yake ilihamia Likasi, mwingine minervali ilishindikana. Primeri iliwekwa bure tangu mwaka wa masomo wa 2019, lakini sekondari bado ni mfuko wa mzazi, na mfuko ukipungua wote tunajua nani anabaki nyumbani kwanza. Na kwenye staji, mazoezi ya kazi kwenye kampuni, mwaka wa nne, kila kitu kilianza upya. Kampuni ilimpokea vizuri, ikampa meza, ikampa kompyuta, aingize nambari za fizibli kwenye orodha, ofisini, siku nzima, wakati wavulana wawili wa darasa lake wameenda na timu kwenye mashine. "Banasema hapa njo kuzuri, hakuna jua," aliniambia. Nilimshauri asigombane. Kanye (daftari) ya staji ina sehemu ya kuandika kazi ya kila siku, na shefu wa staji lazima aisaini. Aandike ukweli: leo nimeingiza nambari. Kesho: nimeingiza nambari. Wiki ya kwanza ikiisha ampelekee shefu asaini, na amuulize kwa adabu, shefu, kwenye jury wakiniuliza nimefunga nini hapa kwenu, nijibu nini? Shefu aliisoma ile kanye kurasa zote tano. Jumatatu alienda na timu.

Nawasihi wazazi na walimu waangalie hapo hapo, kwenye meza ya atelie, nani ameshika nini, kabla ya kuita mgeni wa kutoa hotuba. Ukimkuta binti yako ana daftari safi kuliko wote na mikono safi kuliko wote, uliza maswali.

Kilichobaki sasa ni feza ya kushiriki egzetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nusu imelipwa, na kuko mjadala nyumbani kama akipata diploma aende politeknike (uinjinia) pale UNILU, universite ya Lubumbashi, ama atafute kazi kwanza. Mimi niko upande wa politeknike na nimesema wazi. Mama yake anataka kazi, na sababu zake si za kupuuza: mdogo wake anayemfuata, naye binti, ameingia mwaka wa kwanza humanite, amechagua mekanike, na minervali yake itatoka wapi.